Meno ya Watoto Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitale na Bungoma)



Huenda mtu akashangaa kwamba chama kilichozoea kusema habari za mishahara na saa za kazi leo chataka kusema habari za meno. Twaomba mtusikilize. Jambo lilianza Kitale, mwenzetu mmoja alipotuletea barua ya bima. Binti yake wa miaka 12 ana chonge iliyotokea juu kabisa ya ufizi, na meno ya mbele yamepandana hata chakula hukwama na ufizi huvuja damu. Barua ilimjibu kwa neno moja: urembo. Tulipoyasema hayo Bungoma, wazazi watatu waliinuka pale pale wakasema nao wamepata jibu lilo hilo.

Kwanza tujue ni watoto wangapi. Mwaka 1996 Ng'ang'a na wenzake walichapa hesabu ya watoto 919 wa Nairobi, wenye miaka 13 hadi 15. Katika kila watoto 100, 72 walikuwa na kasoro fulani katika mpangilio wa meno. Waliosongamana meno walikuwa 19 katika 100, na wenye meno ya juu yaliyochomoza mno mbele walikuwa 10. Hiyo ni Nairobi, lakini mtu akisimama langoni pa shule Kiminini au Kimilili saa za kutoka, atayaona hayo hayo.

Sasa, hiyo 72 isiwatishe. Ni kubwa kwa sababu madaktari huhesabu mengi, hata jino lililogeuka kidogo. Wako wanaopima hata mwanya, ambao wengi wetu twauona kuwa ni uzuri, na watu wa pwani wameusifu tangu zamani! Mwanya haumdhuru mtu. Tena mtoto wa miaka 8 au 9 meno yake mapya ya mbele huonekana makubwa, yameachana kama vidole. Mara nyingi hujisogeza yenyewe chonge zinapotoka, karibu na miaka 11 au 12. Mzazi na asikimbilie kukopa.

Wanaohitaji kutazamwa ni wachache kuliko hao: mwenye meno ya juu yaliyo mbele sana, ambayo huvunjika upesi akianguka; mwenye meno ya chini yanayochoma kaakaa; yule ambaye chonge imekosa nafasi; yule ambaye taya lake huenda upande akiuma. Huo si urembo.

Mengine hutoka kwa wazazi, kwa taya dogo na meno makubwa, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Mengine hutokana na kunyonya kidole mpaka mtoto ameingia shule. Lakini lililo mikononi mwetu hasa ni magego ya utoto. Watu husema, “Hayo yatang'oka tu, ya nini kuyatibu?” Gego la utoto hushika nafasi ya jino litakalokuja. Likioza na kung'olewa mtoto akiwa na miaka 5 au 6, lile la nyuma hulalia pengo, na mwenye nafasi yake akija miaka mingi baadaye hukuta mlango umefungwa. Huku kwetu kwa miwa na chai ya sukari nyingi, twajua magego hayo huishia wapi.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui. Karibu na miaka 6 gego jipya hutokea nyuma ya mengine yote, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha. Mzazi hudhani ni la utoto, huliacha lioze. Kumbe ni la maisha.

Iko pia desturi ya kuchimbua ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara, kwa kudhani vijino vilivyo ndani ndivyo ugonjwa. Kwa Wamaasai wa Kenya imeandikwa na wachunguzi tangu miaka ya 1990, na haiko kwao peke yao. Chuma kile huweza kuharibu chonge ya kudumu iliyo chini, licha ya hatari ya damu na vijidudu. Mtoto anayehara apelekwe zahanati.

Basi turudi kwenye barua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 34, yamtaka mwajiri amwangalie mfanyakazi wake anapougua. Watoto hawakutajwa humo. Matibabu yao hutegemea mapatano tunayotia sahihi sisi wenyewe. Kutia waya huchukua kama miaka miwili, na daktari ataka kumwona mtoto mara kwa mara. Madaktari wa kazi hiyo ni wachache, na wengi wako Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Kitale. Ujira wa shambani hauwezi kubeba nauli hizo, achilia mbali waya.

Kwa hiyo kamati yakusudia kupeleka maneno haya katika mapatano yajayo: kwamba daktari wa meno, wala si karani wa bima, ndiye aamue lipi ni tiba na lipi ni urembo, na kwamba watoto wa wafanyakazi watazamwe meno mara moja wakiwa na miaka 7 na tena wakiwa na miaka 12. Mwajiri atauliza tuna watoto wangapi. Kila mwanachama mwenye barua ya kukataliwa amletee Katibu wa tawi nakala yake, na asiye na barua aandike umri wa mtoto na alivyoambiwa na daktari. Karatasi za Bungoma zitapokelewa baada ya mkutano huu, pale mlangoni.