ADHD ni ya Nyumba Nzima

Mtoto asiyetulia, anayesahau daftari na kukatiza wenzake, huitwa mtundu, kisha kiboko hufuata. Huenda ana ADHD, hali ya ubongo ambayo mara nyingi hurithiwa. Hata baba anayepoteza funguo kila mara anaweza kuwa nayo.

Tiba ya familia husaidia: mshauri huketi na watu wote wa nyumba. Nyumba ya chumba kimoja hupangiwa utaratibu: runinga inazimwa, kazi ya shule dakika 15, mapumziko, kisha 15 tena. Mtoto apewe agizo moja kwa wakati. Akitimiza, asifiwe papo hapo. Wazazi wakikubaliana kuhusu sheria, lawama hupungua. Dawa alizoandika daktari ziendelee.

Mtoto apelekwe kituo cha EARC (kituo cha tathmini ya elimu na rasilimali) akatathminiwe. Mtu mzima aende Hospitali ya Mathari, Nairobi.