Mbwa Aliyebadilika Mwenendo: Maelezo Kuhusu Afya na Tabia za Mbwa Majumbani

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Pemba)



Mbwa hafugwi Pemba kwa pambo. Hufugwa kwa kazi: kulinda mashamba yasiliwe na tumbili, kufuatana na wasasi, kukesha penye banda la mbuzi na uani mwa nyumba. Na kwa kuwa wakaazi walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, mnyama huyo hukaa nje, hula nje, na hulala pale anapopenda mwenyewe. Mpango huo hauna ubaya. Ubaya huingia pale mwenye mbwa, kwa kutomgusa, anapoacha pia kumtazama. Mbwa akiumwa hueleza kwa mwenendo wake, na mwenendo huo husomeka tu kwa mtu aliyejua ulivyokuwa jana.

Kwa hivyo mfugaji ajue kwanza hali ya kawaida ya mbwa wake: hula kiasi gani, hulala wapi, humbwekea nani na humnyamazia nani. Adhuhuri mbwa mzima hulala kivulini akitweta, ulimi nje. Hiyo si homa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu, ila kidogo tu kwenye nyayo, na kutweta ndiko kunakompoza. Lakini anayetweta alfajiri, kivulini, bila ya kukimbia, huyo ana neno. Vivyo hivyo kwa mbwa aliyezoea kupokea chakula kwa pupa, kisha akakinusa na kukiacha siku mbili mfululizo.

Kupe ni adui wa kila siku. Hupendelea masikio na baina ya vidole. Kupe wa mbwa wa rangi ya hudhurungi ana tabia ya kujificha na kutaga katika nyufa za kuta, na mtu anayemwosha mbwa wake kwa dawa akaliacha banda kama lilivyo, baada ya wiki chache ataona kama kwamba hajafanya kitu. Kupe huyo huambukiza homa: mbwa hunyong'onyea, hukataa chakula, fizi zake hupauka, na pengine hutoka damu puani. Ikiwahiwa, homa hiyo hutibika kwa antibiotiki zitolewazo na daktari wa mifugo. Ikichelewa, mbwa huishiwa damu.

Kijibwa chenye tumbo kama pakacha na mbavu zilizochomoza hakikushiba, kina minyoo. Minyoo huipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa na baadaye katika maziwa, na kwa sababu hiyo dawa huanza kutolewa mapema, tangu umri wa wiki mbili, na kurejewa kwa ratiba anayoieleza ofisa mifugo. Jambo hili ni la watu pia. Mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni, na mtoto anayecheza hapo kisha akatia mkono mdomoni huyameza. Minyoo ya safura ya mbwa nayo, ikiwa bado michanga, hupenya ngozi ya anayekwenda pekupeku kwenye mchanga na kuacha mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha mno. Kinyesi cha mbwa kifukiwe mbali na wanapocheza watoto.

Kijibwa kinachotapika na kuhara damu kipelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani virusi vya parvo, vilivyotambuliwa mwaka 1978, huua kwa kumaliza maji ya mwili, na kinga yake ni chanjo. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama vile ibuprofeni, asipewe mbwa hata kama amepewa kwa huruma. Humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Yapo malalamiko ya tabia yanayofikishwa kana kwamba ni maradhi, na mengi yametengenezwa na mfugaji mwenyewe. Mbwa afungwaye mnyororo mfupi kutwa nzima, bila ya maji wala kivuli, hugeuka mkali kwa kila apitaye, na usiku hubweka bila ya kuchagua mwizi na jirani. Aidha wako wanaompiga mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyefunzwa kwa fimbo kwamba asingurume hajafunzwa kutouma. Amefunzwa kuuma kimya kimya. Watoto nao wafundishwe mapema: mbwa anayekula, aliyelala au mwenye vijibwa haguswi, na mbwa mgeni akikaribia, mtoto asikimbie, asipige kelele, asimkodolee macho, bali asimame wima na mikono ameiteremsha mpaka mnyama apite.

Yote hayo ni mepesi yakilinganishwa na kichaa cha mbwa, na hapo ndipo kumjua mbwa kunapookoa maisha ya mtu.

Watu wengi humtazamia mbwa mwenye kichaa awe anatokwa povu na kumrukia kila amwonaye. Yupo wa namna hiyo: hatulii, huuma vijiti na mnyororo, sauti yake hubadilika ikawa ya kukwaruza, huondoka nyumbani akaenda masafa marefu huku akiuma wanyama na watu njiani. Lakini yupo mwingine asiyedhaniwa. Huyu hunyamaza. Hujificha penye giza, taya lake la chini hulegea, mate humchuruzika, na hawezi kumeza. Mwenye mbwa, kwa wema wake, hudhani amekwamwa na mfupa. Humfunua kinywa na kutia vidole kuutafuta. Mfupa hakuna, na mate yamekwisha kugusa michubuko ya mkono. Mbwa asiyeweza kumeza asitiwe mkono kinywani na mtu yeyote asiye daktari.

Dalili ya mwanzo kabisa huwa ndogo kuliko hizo. Mbwa mpole huwa mkali bila ya sababu, na mkali huwa mpole akawaendea hata wageni. Mbwa mwoga aliyezoea kufyata mkia hamkimbii tena mtu. Jirani hawezi kuliona badiliko hilo, wala ofisa mifugo aliyefika mara moja. Mwenye mbwa ndiye awezaye.

Virusi vya kichaa hukaa katika mate. Vikiingia jerahani hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na safari hiyo kwa binadamu huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, pengine wiki moja tu, pengine mwaka. Katika muda huo aliyeumwa hajisikii vibaya, jeraha limekwisha kupona, na nyumbani jambo limesahauliwa. Dalili zikishajitokeza, takriban hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, na kiasi cha asilimia 40 kati yao ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kwa hivyo aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Muda huo ni mrefu kuliko watu wanavyodhani, na heri uangaliwe kwa saa. Ganda la virusi hivyo lina mafuta, na sabuni hulivunja. Kuosha kwa ajili ya tohara kuna taratibu zake na wakati wake. Huku ni kuosha kwa ajili ya uhai, na ndiko kunakotangulia. Pilipili, ugoro, mafuta ya taa na majani yaliyotwangwa yasitiwe jerahani, kwani huichubua nyama na kuvifungulia njia virusi. Baada ya kuosha, mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo, na azimalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa. Wapo wanaoikimbia chanjo kwa habari za sindano nyingi za tumboni. Habari hizo ni za chanjo za zamani. Ya leo hudungwa begani. Ni kinga yenye historia ndefu: Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa mara nyingi na mbwa, na mtoto yule akaishi.

Mbwa aliyeuma asiuliwe kwa hasira, ikiwa inawezekana kumfungia pasipo hatari. Hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na virusi katika mate siku aliyouma, na daktari huweza kuisimamisha chanjo ya mtu. Lakini chanjo haingoji siku hizo zitimie. Kama mbwa amekwisha kuuliwa au amekufa, asizikwe kabla ya ofisa mifugo kuarifiwa, kwa kuwa ubongo wake huweza kupimwa.

Pemba yenyewe imeyapitia haya, na inafaa yakumbukwe kwa miaka yake. Uchunguzi uliofuatilia maradhi haya kisiwani kuanzia mwaka 2010 hadi 2020 ulionesha kwamba mwanzoni palikuwa na minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikienda sambamba. Mbwa walichanjwa kisiwa kizima kila mwaka, na kadiri kazi ilivyoboreshwa ndivyo idadi ya mbwa wagonjwa na ya watu walioumwa ilivyopungua, hata kufikia Mei 2014 minyororo yote ikawa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili mbalimbali, yakawakuta mbwa wasio na kinga na kuenea. Chanjo ya kisiwa kizima ikarejeshwa, na Oktoba 2018 mlipuko ule ukamalizwa.

Kisiwa kina bahari pande zote, na virusi haviogelei. Hupakiwa. Kijibwa kinachotiwa kapuni na kuvushwa kwa jahazi kama zawadi ya mjomba huweza kuwa na maambukizi wiki kadhaa, hata miezi, bila ya kuonesha lolote. Anayetaka kuleta mbwa Pemba amchanje huko atokako, asubiri kinga ishike, na awaone maofisa wa mifugo kabla ya kusafiri.

Kwa watumishi lipo jambo mahsusi. Muuguzi akimpokea mtu aliyeumwa huandika jina na kutoa sindano, na kwa upande wake kazi imekwisha. Lakini mbwa yule bado yuko mtaani. Taarifa ikikaa katika daftari la kituo cha afya bila ya kumfikia ofisa mifugo na Sheha wa shehia husika, wataumwa wengine kesho yake. Mwalimu wa skuli naye husikia habari za mbwa kabla ya ofisi yoyote kusikia, kwa sababu wanafunzi humsimulia. Asikae nazo.

Ili maradhi yasienee, hulengwa kuchanjwa mbwa wasiopungua 70 katika kila 100, na idadi hiyo huharibika upesi kwa kuwa mbwa hufa na vijibwa huzaliwa. Vijibwa nao wapelekwe wakati wa chanjo. Wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa wadogo. Mbwa aletwe na mtu mzima anayemzoea, amefungwa kamba madhubuti shingoni. Asiletwe na mtoto asiyeweza kumzuia. Mwenye mbwa asiyeshikika amwarifu Sheha mapema ili wachanjaji wafike na vifaa. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba, kwa maana siku mtu akiumwa, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiulizia ofisa mifugo.