Mji wa Mawe: Mwanzo wa Jinja

Mji wa Jinja umepata jina lake katika mawe. Kwa Kisoga na Kiganda neno hilo lina maana ya jiwe, na mawe yenyewe ni yale yaliyokuwa yakikinga maji mahali ambapo ziwa Viktoria humwagika na kuwa mto Nili. Leo mawe hayo hayaonekani tena. Basi mwenye kutaka kujua asili ya mji huu hana budi kuanza na kile kilichofunikwa na maji.

Mzungu John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai, 1862. Katika msafara wake walikuwamo watu wa Unguja, mkuu wao Sidi Mubarak Bombay. Mahali pale hapakuwa nyika tupu. Wavuvi wa Kisoga na Kiganda walisimama juu ya mawe na ndoana zao, mitumbwi ilivusha watu, na ng'ombe waliteremshwa kunywa maji. Speke aliyaita maporomoko yale Ripon, kwa kumheshimu bwana mmoja wa Uingereza. Lakini jina la wenyeji ndilo lililodumu.

Katika mwaka wa 1897 askari wa Kisudani waliasi katika ngome ya Luba, kando ya ziwa, mashariki ya Jinja. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliokawia. Uasi ulizimwa, lakini Wanubi, wazao wa askari wa namna yao, wamebaki Uganda na dini yao pamoja nao.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo bahari na ziwa zikawa jirani, na makao ya serikali ya Busoga yakahamishwa kutoka Iganga kuja Jinja. Wafanya biashara wakafuata, miongoni mwao Allidina Visram, Ismailia aliyeanzia Bagamoyo, ambaye maduka yake yalienea mpaka Jinja.

Lakini heri ile ilichanganyika na msiba. Ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani za kaskazini za ziwa, na kuanzia mwisho wa mwaka 1906 Kamishna Hesketh Bell aliamuru walionusurika wahamishwe mbali na mbung'o. Vijiji vya wavuvi vikawa vichaka. Mji ulikuwa ukikua huku jirani zake wakizikwa au wakihama, na jambo hilo halifai kusahauliwa katika kuusifu.

Kisha ikaja pamba. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, iliunganisha Jinja na Namasagali, ambako meli za ziwa Kyoga zilishusha pamba ya Teso na Lango. Marobota yakapakiwa melini Jinja kwenda Kisumu, yakaendelea Mombasa, na kutoka huko ng'ambo. Mkulima aliyeilima pamba hiyo alinunua nguo iliyofumwa mbali kwa bei ya wageni.

Njia hiyo ilifupishwa baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili, 1954. Katika miaka hiyo ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile Industries kilianza kusokota na kufuma pamba ya Uganda pale pale Jinja, kwa umeme wa maji yale yale. Nguo ya Jinja ikavaliwa mijini na mashambani. Lakini bwawa lilipandisha maji, na mawe ya wavuvi yakazama.

Hivyo mji huu haukujengwa na mkono mmoja. Msoga alitoa ardhi na jina, mkulima wa Teso alitoa pamba, Mnubi alileta uaskari wake, Mhindi mtaji wake, na watu wa pwani lugha yao. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, ilidhihirika jinsi ilivyo rahisi kumwita mgeni mtu aliyeweka msingi wa nyumba. Jiwe la msingi halionekani, wala nyumba haisimami pasipo hilo. Basi wazee waulizwe wangali hai, na waliyoyaona yaandikwe, ili watoto wa Jinja wajue kuwa chini ya maji yale yako mawe.