Kosa la Mwanadamu katika Njia za Anga



Mtu asimamaye kiwanjani akaitazama ndege ikipaa hudhani kwamba, ikiisha kufika mawinguni, rubani huwa huru kama mwewe, aenda apendako. Sivyo. Huko juu mna njia, na kila njia ina kimo chake. Na chini, katika chumba chenye mwanga hafifu, yuko mtu akitazama kioo cha rada, na kazi yake ni kuziweka ndege mbalimbali. Katika anga za Ulaya ndege mbili zinazopishana hutakiwa ziachane kwa futi 1,000 kwenda juu, ama kwa maili kadhaa kwa upana. Neno rubani tumelitoa baharini, na baharini mabaharia huonana kwa macho, na usiku kwa taa, wakapishana salama. Lakini ndege hizi hukata maili 7 na zaidi kwa dakika moja. Rubani aionapo taa ya mwenziwe karibu, aghalabu nafasi ya kugeuka imekwisha pita.

Twataka kuwasimulia habari ya usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, katika Ujerumani ya kusini. Anga ya hapo ilikuwa ikisimamiwa kutoka Zurich, nchi ya Uswisi. Ndege ya kwanza, Tupolev ya Urusi, ilitoka Moscow kwenda Barcelona na watu 69, wengi wao watoto wa shule wa mji wa Ufa waliokuwa wakienda likizo. Nao walikuwa wamekosa ndege yao ya awali. Ya pili ilikuwa Boeing ya mizigo, yenye marubani 2 tu, iliyoanza safari Bahrain, ikapita Bergamo, ikielekea Brussels. Zote mbili zilikuwa katika kimo cha futi 36,000, na njia zao zilikatana.

Mwongozaji alikuwa peke yake. Mwenzake amekwenda kupumzika, desturi ya usiku ambayo wakubwa waliijua wakainyamazia. Usiku huo huo mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo, hata rada ikawa haitoi onyo lake la kawaida katika kioo, na simu kubwa imekatwa. Simu ya akiba nayo ilikuwa mbovu. Ikatokea ndege ya tatu, iliyochelewa, ikitaka kutua Friedrichshafen. Akawa hana budi kuihudumia katika kioo kingine, huku akijaribu simu isiyoshika. Waongozaji wa Karlsruhe, jirani zake, waliiona hatari katika vioo vyao, wakapiga simu tena na tena, wasimpate. Sisi tusikiapo habari kama hizi hupenda kusema, "Alilala." Hakulala, alikuwa na kazi ya watu wawili.

Alipoinua macho, ilikuwa imebaki chini ya dakika moja. Akaiamuru Tupolev ishuke upesi. Sasa yafaa mfahamu kwamba ndege zote mbili zilichukua chombo cha kuonya, ambacho huzungumza na chombo cha ndege nyingine, kisha humwambia rubani mmoja apande na mwingine ashuke. Sekunde 7 baada ya amri ya mwongozaji chombo kilinena: Boeing ishuke, Tupolev ipande. Boeing ikatii, ikashuka. Katika Tupolev rubani msaidizi aliwakumbusha wenziwe kwamba chombo chasema wapande. Lakini sauti ya mwanadamu ikarudia amri yake kwa haraka, nao wakaifuata, wakazidi kushuka. Mwongozaji hakujua kabisa kwamba kuna sauti nyingine. Tena katika haraka ile aliwaambia kwamba ndege ile ipo upande wa kuume, kumbe yaja kutoka kushoto. Kisha akageukia ile ndege ya Friedrichshafen, akidhani jambo limekwisha.

Saa 5.35 usiku, kwa saa za huko, zikagongana. Watu wote 71 walikufa.

Kuna jambo lituumizalo zaidi. Mwezi wa Januari 2001, katika anga ya Japani, ndege mbili zilikaribia kugongana kwa sababu iyo hiyo: rubani mmoja alifuata amri ya mwongozaji, mwingine akafuata chombo. Onyo lilikuwapo, bali kanuni za dunia hazikuwa zimesema waziwazi ni sauti ipi itiiwe. Baada ya Überlingen zikasema: rubani na afuate chombo, hata mwongozaji akimwamuru kinyume chake.

Yule mwongozaji aliacha kazi ile ya kuongoza ndege. Mwezi wa Februari 2004 baba mmoja, aliyepoteza mke na watoto wawili katika Tupolev, alimwendea nyumbani kwake akamwua kwa kisu. Miezi michache baadaye wachunguzi wa Ujerumani walitoa taarifa yao, nayo haikumtaja yeye pekee. Ilitaja pia kiti kilichoachwa kitupu na wakubwa walioridhia. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wakubwa 4 wa kampuni iliyosimamia anga ile.