Daftari la Hessdalen: raia wanaoandika mianga ya angani

Wakazi wa Hessdalen hawafiki 200. Bonde lao, lenye urefu wa kilomita kama 12, limebanwa na milima katikati ya Norwei, kilomita zipatazo 120 kusini mwa mji wa Trondheim. Mwezi wa Desemba jua la huko huchungulia kwa saa chache tu. Katika giza hilo refu, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1981, watu walianza kuona mianga isiyo na maelezo: mingine myeupe, mingine ya manjano, mingine myekundu. Ilielea juu ya mapaa ya nyumba au chini kidogo ya vilele vya milima. Wakati mwingine ilitulia zaidi ya saa nzima, wakati mwingine ilichomoka na kupotea kufumba na kufumbua. Kuna majuma ilionekana mara 15 hadi 20.

Mada hii inawahusu watu walioamua kuiandika mianga hiyo.

Mkulima anayesema ameona taa ikielea juu ya zizi lake huwa amejiweka pabaya. Wenzake watamcheka, na wageni watamiminika kutafuta viumbe wa sayari nyingine. Hessdalen ilipata yote mawili. Kilichokosekana ni mtu wa kuja na karatasi na saa ya mkononi, kumsikiliza mzee wa watu hadi mwisho na kumuuliza: ulisimama wapi, ulitazama upande gani, ilidumu dakika ngapi?

Watu hao walipatikana Juni 1983. Erling Strand, Leif Havik, Odd-Gunnar Røed, Jan Fjellander na Håkan Ekstrand, wakitoka Norwei na Uswidi, waliunda Project Hessdalen wakisaidiwa na vyama vya kuchunguza vitu visivyotambulika angani katika nchi hizo mbili. Fedha zilikuwa haba, na baadhi ya vifaa iliwabidi waviazime. Hata hivyo, tarehe 21 Januari 1984 walipanda mlimani katikati ya baridi kali wakiwa na rada, kipima mitetemo ya ardhi, kipima usumaku, kipima mionzi, leza na kamera zilizofungwa vioo maalumu vya kuchambua rangi za mwanga. Walikaa huko hadi tarehe 26 Februari, wakipokezana zamu na watu wa kujitolea waliotawanywa kwenye vituo mbalimbali vya bonde.

Kazi yenyewe ilikuwa ya uvumilivu mtupu. Kila taa iliyoonekana iliandikiwa saa, upande, rangi na muda, kisha ikapimwa dhidi ya yale ya kawaida, hasa ndege zinazopita. Baada ya mchujo, mianga 53 ilibaki kwenye orodha.

Tukio la leza linastahili kusimuliwa taratibu. Usiku mmoja wa Februari mwanga mmoja ulipita ukimetameta kwa mpigo wa sawasawa. Watafiti waliuelekezea leza, nao ukabadili mpigo, ukawa unametameta mara mbili mbili. Walipoizima leza, ukarudia mpigo wake wa awali. Walijaribu mara tisa, na mara nane mwanga ulibadilika. Usiku wa namna hiyo ungemlevya mtu yeyote, na ilikuwa rahisi kutangaza kwamba kuna akili inayojibu kutoka angani. Ripoti yao haikufika huko. Iliandika hesabu, ikaishia hapo.

Rada nayo ilinasa vitu, kimoja kikikadiriwa kwenda kasi ya karibu kilomita 30,000 kwa saa. Lakini kipima mitetemo hakikuonyesha lolote la kuhusishwa na mianga, na kipima mionzi vilevile. Hayo nayo yakaingia kwenye ripoti. Kwa mwandishi wa mada hii, kurasa hizo zenye jibu la “hakuna” ndizo zilizowapa heshima wachunguzi hawa wa kujitolea: aliyetumia likizo yake na akiba yake kukesha kwenye theluji ana kila kishawishi cha kurudi na habari kubwa.

Baada ya 1984 mianga ilipungua sana, lakini daftari halikufungwa. Machi 1994 wanasayansi kutoka nchi kadhaa walikutana bondeni humo humo kwa semina. Agosti 1998 chuo cha Østfold, alikokuwa akifundisha Strand, kilisimika kituo chenye kamera zinazojiendesha na kupeleka picha kwa intaneti usiku na mchana. Kuanzia mwaka 2000 Waitaliano nao, wakiwemo wataalamu wa kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio, walikuja na mitambo yao.

Wingi wa macho ulileta mabishano, na mabishano yakaifaa kazi. Baada ya msafara wa Waitaliano wa mwaka 2002, Matteo Leone aliupitia upya ushahidi uliokusanywa humo na Mwitaliano mwenzake Massimo Teodorani, akahoji kwamba sehemu ya mianga ile ilikuwa taa za magari. Waandikishaji makini wanapaswa kulipokea pingamizi la namna hiyo kwa mikono miwili, maana orodha iliyopunguzwa kwa haki huaminika zaidi.

Kwa iliyobaki, nadharia hazijakubaliana. Wapo wanaotaja gesi yenye chaji ya umeme iliyochanganyika na vumbi, na wapo wanaotaja umeme unaozaliwa miamba inapobanwa. Jader Monari wa Italia amependekeza kwamba bonde zima ni kama betri: upande mmoja miamba yenye zinki na chuma, upande wa pili shaba, na katikati mto wenye salfa iliyochuruzika kutoka migodi ya zamani. Eneo hilo liko jirani na Røros, mji uliochimba shaba kwa zaidi ya miaka 300.

Siku hizi wanafunzi hupelekwa Hessdalen kwa kambi za sayansi. Hulala mlimani kwa zamu, kamera zikiwa zimeelekezwa bondeni. Taa inapotokea, swali la kwanza la kujiuliza ni kama kuna barabara upande ule.