Baiskeli na Reli ya Kasese

Tangu mwaka 1956, reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese kwa ajili hasa ya shaba ya migodi ya Kilembe, msafiri wa Bwera, mji ulio karibu na mpaka, arejeaye kwao aliweza kushuka garimoshi pamoja na baiskeli yake, akashika njia ya kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ndipo akageukia magharibi kuelekea mpakani. Leo garimoshi la abiria halipo, na baiskeli husafirishwa juu ya basi: ifungeni madhubuti, mdai stakabadhi ya mzigo, na kutoka Kasese ondokeni alfajiri, kwani jioni ndovu wa hifadhi ya wanyama ipitiwayo na njia hiyo huivuka, nao, wallahi, hawaijali kengele.