Mikono Ikisuka, Masikio Yako Wazi

Mazungumzo ya kamati ya kazi za mikono siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu





Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na kikundi chetu kikiwa kimetimiza miaka 10. Katibu amekwisha kusoma risala, na mshika fedha amekwisha kusoma hesabu, kwa hiyo sisi wa kamati ya kazi za mikono hatutarudia hayo. Tumepewa nafasi ndogo tuzungumze juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari, ingawa bila hilo huenda daftari lenyewe lingekuwa limefungwa zamani. Tunataka kuzungumza juu ya ukili, bahari na simu.

Wengine mtajiuliza, ukili na akiba wapi na wapi? Hebu tuvumilieni kidogo.

Nyote mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana hatukuubuni sisi. Ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, ukaenea Afrika nzima mpaka ukafika huku kwetu Unguja. Kwa kuwa wale akina mama hawakuweza kutegemea maandishi, walitegemea kichwa. Kila kikao kikifungwa, fedha huhesabiwa mbele ya watu, hutajwa kwa sauti, na kila mwanachama huiweka moyoni. Kikao kijacho, kabla sanduku halijafunguliwa, huulizwa: tuliacha kiasi gani? Watu wakijibu kwa kauli moja, hapo ndipo sanduku hufunguliwa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mlinzi wa kwanza wa sanduku ni sikio. Kufuli inafuata nyuma.

Tulipoanza, jambo hili lilikuwa rahisi. Tulikaa chini ya mkungu, kila mmoja na ukili wake. Wa kununua hisa ananunua, wa kulipa deni analipa, na mikono inasuka. Mwenye kusuka ukili hatazami sana. Vidole vimekwisha kuzoea njia, macho yako kwa mwenzake, na masikio yako wazi kabisa. Tulikuwa tunajua nani ana mtoto mgonjwa, nani mwani wake umechukuliwa na maji, nani kanuna na kwa nini.

Halafu zikaja simu hizi za kutelezesha kidole. Tulizifurahia, tusiseme uongo. Fedha za mtoto aliye Dar es Salaam zinaingia hapo hapo ulipo. Harusi ya Pemba unaiona ukiwa jikoni. Lakini kidogo kidogo ukili ukabaki nyumbani. Mtu anakuja kikaoni na simu mkononi, ameinamisha kichwa, anacheka peke yake. Ukimwuliza kitu anakwambia "eeh" na hakukusikia. Simu inachukua jicho, inachukua sikio, na mkono nao inauchukua.

Katika mwaka wetu wa sita tukavuna tulichopanda. Tunayosema hapa wahusika wote wameturuhusu tuyaseme, na wengine wao tumo katika kamati hii hii.

Kikao kimoja kilipokaribia kufungwa, mwenzetu mmoja alisimama akaomba mkopo wa haraka, shilingi 60,000, ampeleke mwanawe hospitali. Mama yetu aliyekuwa mhesabu fedha akauliza: mwampa? Watu wakaitikia. Akahesabu noti kwa sauti, akamkabidhi, na akamwandikia katika kijitabu chake. Katibu wa wakati ule alikwisha kulifunga daftari kubwa. Alisema ataandika baadaye, bila kuinua uso, maana alikuwa anajibu ujumbe. Hakuandika. Na wakati jumla inatajwa, sisi wengine tulikuwa tumekusanyika kwenye simu mbili tatu tunaangalia video ya arusi.

Kikao kilichofuata tukaulizwa: tuliacha kiasi gani? Huyu akataja hivi, yule akataja vile. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa, zikapungua 60,000 kuliko daftari. Yule mama akasema palepale, "Nilimkopesha fulani mbele yenu." Aliyekopa hakuwapo. Alikuwa mjini na mgonjwa, na simu yake haikupatikana.

Jamani, kikundi kina watu 25. Ukimtoa mkopaji na mhesabu, walibaki watu 23 waliokuwapo siku ile, wenye macho na masikio. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama akasema, "Kweli, niliona." Tulikuwapo na hatukuwapo.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha. Usiku ule maneno yakaanza kuandikwa kwenye kundi letu la simu. Mmoja aliandika kwamba yule mama ametia bati jipya jikoni, akauliza bati limetoka wapi. Mwingine akaweka kikatuni cha kucheka. Asubuhi yule mama akawa ametoka katika kundi, na kikao kilichofuata hakuja. Wiki sita zikapita. Pwani akituona anapita upande wa pili.

Ndipo mkopaji akarudi kutoka mjini, mtoto mzima, alhamdulillahi. Alikuja na deni lake mkononi na kijitabu chake, na tarehe na kiasi vimeandikwa wazi, 60,000. Hakujua lolote lililotokea. Tulikaa kimya kila mmoja akitazama miguu yake.

Tukaenda kwake watu wanane, kwa miguu, kwa njia ya pwani. Maji yalikuwa yametoka. Tulimkuta uani anasuka. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, karibuni." Hatukujua pa kuanzia. Simu ya mmoja wetu ikalia. Yule mama akavuta kikapu kitupu, akakisukuma mbele yetu, akasema, "Hayo masimu yenu tieni humu. Kisha kila mtu achukue chane, asuke. Tutazungumza mikono ikishapoa."

Tukasuka. Pengine saa nzima ilipita kabla ya mtu kusema jambo la maana. Yule aliyeandika habari ya bati ndiye aliyeanza, akalia. Wa pili akafuata. Katibu naye akasema lake. Mama alitusikiliza wote, halafu akatuuliza swali moja tu: "Nilihesabu kwa sauti. Mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Jibu letu ni utaratibu ambao wengi mnaujua bila kujua ulikotoka.

Kwanza, kikao chetu sasa hufanyika wakati wa maji mafu. Kilimo cha mwani kilipoanza huku pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake ndio walioshika kamba, na mpaka leo kazi hii inafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inakuwa na bamvu. Maji hutoka mbali, na sisi tunakwenda kufunga na kuvuna. Katikati yake maji hayatoki sana, ndipo tunapata nafasi ya kukaa. Zamani tulikuwa tunalazimisha kikao siku ya bamvu, watu wanakuja mbio na nguo mbichi, roho haiko hapo. Sasa bahari ndiyo inayotupangia tarehe, na haijapata kutudanganya.

Pili, kikapu cha yule mama ametupa, nacho ndicho kile kinachowekwa mlangoni. Kila simu inaingia humo na inafunikwa kwa kawa. Simu moja tu hubaki wazi kwa katibu, kwa ajili ya dharura, na namba yake kila nyumba inayo.

Tatu, kila anayekuja aje na ukili. Asiyejua anafundishwa hapo hapo. Fedha zikishahesabiwa, watu watatu tofauti hutajwa majina bila kujua mapema, na kila mmoja hutaja jumla. Tangu tuanze hivi, hatujafungua sanduku tukabishana.

Sasa tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana vijana wengi wanaona ukili ni kazi ya wazee. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijafunguka. Hatukati kila kuti changa la shina moja, maana mti nao unataka kuishi. Huanikwa mpaka likawa jeupe, huchanwa vyembamba, na chane za rangi huchemshwa. Rangi za unga za dukani zipo, lakini mbegu za mzingefuri hutoa wekundu wa machungwa, na manjano yale ya mchuzi hutoa njano. Ukili husukwa, ukapimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, halafu hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, na mwisho mkeka hutiwa taraza pembeni usifumuke. Kwa vitu vigumu kama vikapu na majamvi tunatumia miyaa.

Ukili una tabia moja. Ukikosea chane moja, kosa linakwenda nawe mpaka mwisho, na dawa yake ni kufumua kurudi pale ulipokosea. Hakuna njia ya mkato. Sisi tumelijua hilo kwa ukili, na kwa yule mama vilevile.

Na mtu akiuliza mapambo ya mikeka yetu tunayatoa wapi, tunamwambia ashuke pwani asubuhi maji yakitoka, na simu aiache nyumbani. Ataona mchanga ulivyochorwa na maji, mistari mistari. Ataona kaa anavyotembea upande. Ataona rangi ya bahari inavyobadilika kutoka kwenye kina mpaka ukingoni. Mwenzetu mmoja ana mkeka wa kijani na njano ambao watu hugombania kuununua. Alichotazama ni mwani wake mwenyewe chini ya maji, jua likiwa limepanda. Alikuwa akiupita kila siku kwa miaka. Siku aliyousimamia akautazama, ndiyo siku aliyopata mkeka.

Wengine hudhani kipaji kinakuja kwa kutazama mambo makubwa ya mbali. Tukumbuke Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880. Kabla hajawa mwimbaji alikuwa muuza vyungu, akivibeba na kuvinadi njiani kwa sauti. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Mashine iliichukua sauti ikaipeleka mbali. Sauti yenyewe aliipata kwa miguu yake, na vyungu kichwani.

Kwa hiyo tusieleweke vibaya. Hatuipigi vita simu. Picha za vikapu vyetu zinakwenda kwa wanunuzi kwa simu, na fedha zinarudi kwa simu. Lakini kikapu husukwa kwanza, ndipo kikapigwa picha. Na mwenzako umsikilize kwanza akiwa mbele yako, ndipo umwandikie akiwa mbali.

Tusingependa mwondoke hapa mkidhani mambo yote yamekwisha vizuri. Yule mama amerudi kikundini, na leo yupo nasi hapa. Kuhesabu fedha hajakubali tena. Tumemwomba mara mbili, na mara zote mbili amecheka akasema vidole vyake sasa ni vya ukili tu. Tunamwelewa. Maneno ya mdomo hupoa upepo ukiyapiga. Yale ya usiku ule yalikuwa yameandikwa, na tulipokwenda kuyafuta tukakuta yamekwisha kupelekwa kwa watu wasiotuhusu. Hilo ni deni ambalo haliko katika daftari, na tunaendelea kulilipa.

Ombi letu kwa wanachama, na hasa kwa mabinti zetu watakaolishika sanduku hili miaka 10 ijayo, ni hili. Kila siku mpate saa moja ambayo simu iko kwenye kikapu. Anayeweza asuke, anayeshona ashone, na asiyeweza kusuka wala kushona ashuke pwani akatembee. Mtashangaa mtakavyoyaona ambayo yalikuwapo siku zote. Kwa mgeni rasmi na wafadhili wetu, ombi ni dogo: mkija kununua mikeka, kaeni kidogo. Chane zipo, na nafasi chini ya mkungu ipo.

Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tunaongeza: pima kwa pima hutimiza mkeka.

Mwenyezi Mungu akibariki kikundi chetu. Na simu zenu mtazikuta mlangoni, chini ya kawa, salama.